Mimi na Mama Nabil Tuliugua Msimu Mmoja

Wanawake wa kikundi chetu cha Jakobsberg, hapa Sweden, waliniomba niwaeleze jinsi nilivyougua saratani ya titi na jinsi nilivyopona. Ni kikundi cha akina mama wanaosema Kiswahili: Wakongo, Waganda, Warundi, Wakenya, kila mmoja na Kiswahili cha kwao. Nilisimama mbele yao nikaanza vizuri, lakini nilipofika kwa mama mkwe wangu sauti ikakatika. Mama Furaha, rafiki yangu Mkongo wa Bukavu, akanishika mkono akanirudisha kwenye kiti. "Basi andika, dada," akasema. "Ukiandika, hakuna atakayekuona ukilia."

Nimeandika. Atakayesoma akiwa na uvimbe unaomtia hofu achukue humu linalomfaa. Mengine huenda yakamuumiza bure, na sina namna ya kuyaondoa, kwa sababu sikuugua peke yangu.

Mimi ni mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura. Vita vilitutoa huko nikiwa mdogo, tukakaa kambini Tanzania, na kutoka kambini tukaletwa Sweden. Mume wangu, Nabil, ni Mpalestina. Tulikutana darasani tukijifunza Kiswidi, naye akaniambia kwamba hata yeye alizaliwa kambini, kaskazini mwa Ukingo wa Magharibi, na hata mama yake alizaliwa kambi hiyohiyo. Nilidhani nimemwelewa vibaya. Kambi niliyoijua mimi ilikuwa ya mahema na nyumba za udongo, na mwisho wake ilifungwa, watu wakatawanyika. Ya kwao iligeuka mji. Ardhi haikuongezwa, kwa hiyo kila kijana aliyeoa alijenga juu ya chumba cha baba yake, na mwanawe akajenga juu ya hicho, mpaka vichochoro vikawa vyembamba hivi kwamba jua halifiki chini. Maji hutoka siku wanayoamua wenyewe wanaoyafungua, na kila mtu huwahi kujaza matangi juu ya paa. Mama Nabil alikuwa akikaa ghorofa ya tatu, kwa sababu ya chini iliingiwa na maji ya mtaro kila mvua kubwa iliponyesha.

Nabil ni fundi wa lifti. Anazunguka Tensta, Rinkeby na Kista, vitongoji vya mji mkuu, akitengeneza lifti za majengo marefu.

Aliyenionyesha uvimbe wangu alikuwa mtoto. Ilikuwa vuli, majani yameanza kudondoka. Mimi nafanya kazi katika chekechea moja Tensta, na watoto wa pale wana desturi ya kumkimbilia mtu na kumgonga kwa kichwa, ndiyo salamu yao. Mmoja alinigonga titi la kushoto, maumivu yakanikata mpaka mgongoni. Jioni, bafuni, nikajipapasa, nikagusa kitu kigumu kama kokwa ya tende. Niliwaza kwamba wiki ijayo nitakwenda kuonana na daktari. Kesho yake nikaona miguu inanipeleka yenyewe. Hilo ndilo la kwanza ninalowaambia wanawake wenzangu: usingoje wiki ijayo.

Walinipiga picha ya titi, wakanichoma sindano nene wakatoa kinyama cha kupimwa. Chumba cha kusubiria majibu kilikuwa na tangi la kioo lenye samaki. Tulikuwemo wanawake wa kila namna, vijana na wazee, na wote tulikuwa tunatazama samaki. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Daktari alipotutamkia jambo lenyewe, Nabil aliuliza swali moja tu: "Inatibika?" Daktari akasema watajaribu kuitoa yote: dawa za mshipani kwanza, halafu upasuaji, halafu mionzi. Akatusogezea kiboksi cha karatasi za kufutia machozi. Mimi sikuzitumia. Nabil alizitumia.

Tukiwa garini akaniambia, "Mama asijue. Ana presha."

"Asijue," nikakubali.

Dawa zilianza theluji ya kwanza ilipoanguka. Unakaa kwenye kiti kikubwa, wanakutundikia dripu, na siku mbili za kwanza unajiona mzima. Ya tatu ndiyo inakuangusha. Kila chakula kilikuwa na ladha ya chuma mdomoni. Mama Furaha alikuwa akija na sombe, yaani majani ya muhogo, aliyoiponda mwenyewe, na ndagala, dagaa wa kwetu, nilizozililia miaka yote hapa ugenini, na mimi nikawa nageuza uso. "Kula hata vijiko viwili," alikuwa akinibembeleza. "Si kwa utamu. Kula kama unavyomeza dawa." Nilikula hivyo, na huo ni ushauri wa pili.

Nywele zilinyonyoka ndani ya wiki chache, zikaziba tundu la maji bafuni. Baadaye kope, baadaye nyusi. Viganja vyangu viliiva vikawa vyeusi kama vimepakwa masizi, na kucha zikainuka zikitoa harufu. Nilipelekwa duka la wigi, kwa sababu hapa mgonjwa hupewa wigi. Muuzaji alikuwa mtu mwema. Alinionyesha moja la kahawia, nywele zimelala kama za mzungu, akaniambia ndilo jeusi kuliko yote waliyo nayo. Nikamshukuru nikarudi nyumbani na kitambaa changu kichwani.

Wema ulikuwepo. Kulikuwa na muuguzi aliyejua kwamba mishipa yangu inajificha, akawa ananifunga mkono kwa taulo la moto kabla hajachoma, na wakati wa kungoja mishipa ipande alikuwa akinieleza habari za mbwa wake. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kiswidi, mgonjwa mwenzangu wa kiti cha jirani, aliyekuwa akifuma sufu bila kusema neno. Siku yake ya mwisho aliniwekea kofia ya sufu mapajani akaondoka. Sikuwahi kujua jina lake.

Binti yetu Salma alikuwa na miaka kumi na miwili. Mimi namsemesha Kiswahili, baba yake Kiarabu, naye anatujibu sote kwa Kiswidi. Majira yale hata Kiswidi chake kilipungua. Nikimwambia, "Njoo ukae nami kidogo," alikuwa akijibu "sen", yaani baadaye, akafunga mlango wa chumba chake. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefunika kioo cha bafuni kwa taulo.

Kila Ijumaa Nabil alikuwa akimpigia mama yake simu ya picha. Mimi nilikuwa nikikaa mbali nisionekane. Mara nina mafua, mara niko kazini. Lakini Mama Nabil hakuwa mtu wa kudanganywa kwa muda mrefu. Ijumaa moja katikati ya baridi aligoma kuzungumza. "Yuko wapi mama Salma? Sitasema lolote mpaka nimwone." Nikajifunga kitambaa vizuri, nikakaa mbele ya simu.

Alinitazama usoni. "Nyusi zako ziko wapi?" akauliza.

Nabil akaanza kubuni jambo. Kiarabu changu ni cha jikoni, pamoja na kile cha madrasa ya Buyenzi, lakini ugonjwa huu haukuhitaji mkalimani. Sisi tunauita saratani, na wao wanauita vilevile, ila wanaishia kwenye herufi nuni: saratan. Nikalitamka neno hilo moja.

Mama Nabil hakulia wala hakuita jina la Mungu. Aliiegemeza simu kwenye kitu, akaanza kufungua vifungo vya gauni lake. Nabil akageuza uso upesi. Mimi niliona kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nyingi, kimelowa upande mmoja, na alipokiinua nikaona kidonda. Nyuma yake sauti ya Rima, dada yake Nabil anayekaa naye, ikasema, "Mama, unafanya nini?" Kisha Rima naye akaona.

"Tangu lini?" Nabil aliuliza, uso bado ukutani.

"Tangu mavuno ya zeituni ya mwaka juzi."

"Na hukusema?"

"Ningesema ili iweje?" akajibu, akifunga vifungo vyake kimoja kimoja. "Rima angehangaika barabarani, na wewe ungehangaika huko uliko. Nikaona nihangaike mwenyewe." Halafu akanigeukia mimi. "Binti yangu, wewe wamekupa dawa?"

"Wamenipa, Mama."

"Basi kunywa zote."

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa aliniita mimi kwanza. Tuliulizana kama wasafiri wa njia moja. Usingizi? Hakuna. Mdomo? Chuma. Aliniambia nipake mafuta ya zeituni kwenye kucha, nikapaka, na kweli zilitulia. Mimi nilimweleza namna ya kuosha kidonda, nikimwonyesha kwa mikono pale maneno yaliponiishia. Nabil alikuwa akikaa pembeni akisikiliza, na ninadhani zile zilikuwa dakika zake pekee za kupumua katika wiki nzima.

Baridi ilipokuwa inaisha, Mama Nabil alifanyiwa upasuaji katika mji ulio karibu na kambi yao. Kumtoa nyumbani kulikuwa kazi. Machela ya gari la wagonjwa haikupita kichochoroni. Wapwa zake walimteremsha ngazi zote akiwa ameketi juu ya kiti cha plastiki, wakambeba hivyo mpaka barabara kubwa. Madaktari walikata walichoweza kukata. Wakasema sasa anahitaji mionzi, na mashine ya mionzi iko Yerusalemu.

Yerusalemu si mbali. Nabil alinionyesha kwenye ramani, ni kama kutoka hapa kwenda mji wa pili. Lakini mtu wa Ukingo wa Magharibi haendi huko bila kibali cha jeshi, na kibali huombwa kwa kila mgonjwa na kwa kila anayemsindikiza. Mama Nabil alikipata baada ya kukataliwa mara ya kwanza. Rima alikataliwa, na hakuambiwa sababu. Ikabidi mama mzee asindikizwe na jirani mwenye magoti mabovu kumzidi, ambaye umri wake haukumtisha mtu. Walikuwa wakitoka alfajiri, wakipanga foleni kwenye kizuizi, wakivuliwa viatu, wakipanda basi la upande wa pili. Wakirudi jua limezama, na kesho yake tena.

Wakati huo mimi nilikuwa nimelazwa. Walinikata titi lote la kushoto. Nilipozinduka nilitia mkono chini ya shuka, nikakuta ni bapa kama ubao. Baadaye walinipa titi la bandia la kuvaa ndani ya sidiria. Lilikuwa la waridi, rangi ya ngozi ya watu wengine. Muuguzi aliona macho yangu, akasema atauliza kama kuna la rangi yangu. Aliuliza kweli, lakini halikuwepo.

Mama Nabil alienda kwenye mionzi siku chache, halafu vizuizi vikafungwa. Hawakusema vitafunguliwa lini. Vilipofunguliwa, kibali chake kilikuwa kimeisha muda, ikabidi aombe upya. Mionzi si kitu cha kukatizwa, hata mimi nisiyejua udaktari niliambiwa hivyo: ni kila siku ya kazi mpaka umalize. Alimaliza majuma akisubiri kibali, akarudi mara mbili, vikafungwa tena.

Mionzi yangu ilianza miti ilipochipua. Nilikuwa nikipanda treni ya chini ya ardhi, naingia, navua shati, mashine inanizunguka na kuguna kidogo, navaa, naondoka. Ilichukua muda mfupi kuliko kumchemshia mtu chai. Asubuhi moja treni za laini ya buluu zilisimama kwa hitilafu, nikachelewa, zamu yangu ikapita. Kabla sijafika nyumbani muuguzi alinipigia simu kuniuliza kama niko salama, akaomba radhi, akaniambia wataniongezea siku mwishoni.

Ijumaa nilimsimulia Mama Nabil. Alinisimamisha.

"Wao ndio waliokupigia?"

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ndiye uliyechelewa?"

"Mimi."

"Na wao ndio walioomba radhi?"

Akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu wenye jeraha, na Rima akacheka, na mimi nikacheka. "Waambie wanipigie na mimi," akasema akifuta macho. Nabil aliinuka akaenda jikoni. Nilisikia amefungua bomba la maji na kuliacha likimwagika.

Katikati ya kiangazi wanajeshi waliingia kambini na matingatinga. Haikuwa mara ya kwanza, lakini mara hii hawakutoka. Walikuwa wakipanua njia ili magari yao yapite, na kwa kuwa nyumba zimeshikana, ukipanua njia unabomoa nyumba. Maisha yote ya Nabil watu wa kambi walikuwa wakililia njia pana: ya gari la wagonjwa, ya gari la taka, ya mazishi. Sasa njia zilipanuliwa na waliozililia wakaamriwa watoke. Mama Nabil aliteremshwa tena juu ya kiti cha plastiki. Dawa zake zilibaki kwenye kabati, Rima akakatazwa kuzirudia. Walilala kwenye ukumbi wa harusi katika kijiji cha jirani, familia na familia, mashuka yamening'inizwa katikati kama kuta. Mabomba yalichimbuliwa pamoja na njia. Baadaye jirani alituma picha ya mahali nyumba ilipokuwa. Nabil aliikuza kwa vidole, akaisogeza huku na huku, akasema hajui hata aliyepiga picha alikuwa amesimama wapi.

Tulijaribu kumleta Sweden. Tulipeleka idara ya uhamiaji vyeti vyake na picha za jeraha. Jibu lilikuja kwa lugha ya adabu kabisa, na lilikuwa hapana.

"Kan inte farmor bara komma hit?" Salma alituuliza mezani. Bibi hawezi tu kuja huku? Alisubiri, kisha akasukuma sahani yake.

Majira hayo ndiyo nyumba yetu iliponichosha kuliko dawa. Nywele zangu zilianza kuota, laini kama za mtoto mchanga. Nilifurahi. Nilimngoja Nabil arudi kazini nimwonyeshe. Aliingia akaketi bila kuvua viatu.

"Leo wameniita kwa dharura," akasema. "Bibi mmoja wa ghorofa ya nne, lifti imeharibika, amekwama nyumbani kwake tangu asubuhi. Meneja amenipigia simu mara tatu. Nimekwenda mbio."

Nikavua kitambaa. "Nabil, zimeota."

"Naona."

"Hufurahi?"

Akasema, "Kila ukipona kidogo, namwona yeye. Najaribu nisimwone. Siwezi kukutazama, mama Salma. Nisamehe."

Sikumsamehe siku hiyo. Nilimwambia kwamba hata mimi ni mtu, na kwamba sikumwibia mama yake dawa. Nilisema kwa sauti kubwa, na Salma alikuwa nyumbani. Tuliishi hivyo wiki nyingi, tukipishana korido kama wapangaji. Mwanamke mgonjwa anayesoma haya ajue kwamba hili pia hutokea, na kwamba aliye mbele yako huenda hakukasirikii wewe. Kujua hivyo hakukunisaidia mimi.

Vuli iliporudi, daktari aliniambia hawaoni tena kitu. Wakati huohuo Mama Nabil alikuwa hawezi kulala chali. Walikuwa wamehamia chumba kimoja cha kupanga. Ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye mifupa, na Rima alikuwa akizunguka maduka ya dawa akitafuta plasta za maumivu, zile zinazobandikwa kwenye ngozi. Siku moja anapata, wiki nzima hapati.

Mimi nilikuwa nazo. Kabatini mwangu kulikuwa na plasta kama zilezile, boksi halijafunguliwa, na vidonge vikali nilivyopewa baada ya upasuaji nikavitumia vichache. Niliuliza posta, wakasema haiwezekani. Niliuliza watu wanaosafiri, na mmoja aliyekuwa akielekea Amman alinitazama akasema, "Dada, nikikamatwa nazo nitafungwa mimi." Alikuwa na haki. Hapa Sweden dawa zilizobaki hazitupwi wala hazigawiwi. Unazirudisha kwenye duka la dawa, zinachomwa. Nilikaa nazo mpaka muuguzi alipoulizia. Nikazitia kwenye mfuko, nikaenda Kista, nikampa msichana wa kaunta. Akaniambia asante, kwamba ni vizuri kwa mazingira. Nikatoka nikaketi kwenye benchi katikati ya maduka, watu wakipita na mifuko yao, na sikuweza kuinuka mpaka Mama Furaha alipokuja kunichukua.

Mara ya mwisho kuzungumza na mama mkwe wangu, Rima alimshikia simu karibu sana, nikaona macho na pua tu.

"Umepona?" akaniuliza.

Nilitaka kusema bado. Nilikuwa nimekwisha kuliandaa neno. Lakini alikuwa ananitazama.

"Nimepona, Mama."

"Alhamdulillahi," akasema, akafumba macho. Nikadhani amelala. Kisha akasema bila kuyafumbua, "Mpikie Nabil. Amekonda."

Alifariki asubuhi ya baridi. Nabil alikuwa ndani ya shimo la lifti Rinkeby, mahali simu haishiki. Alipopanda juu zikaingia simu zote kwa pamoja, za Rima, za wapwa, za kwangu. Alimaliza kufunga mlango wa lifti, akaijaribu mara mbili, akaja nyumbani.

Makaburi ya kambi, alikolazwa mumewe, yalikuwa ndani ya eneo lililofungwa. Kijiji kiliwapa nafasi kwenye makaburi yao. Tulitazama kwenye simu ya Rima, picha ikikatika na kurudi. Salma alisimama nyuma yetu. Aliniuliza kwa Kiswahili, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipokuwa mdogo: "Mama, bibi atabaki hapo kwa wageni?"

"Atabaki, mwanangu."

Nabil alinyoosha mkono akashika wangu. Tumekuwa hivyo tangu siku ile. Tunashikana mikono, hatusemi mengi.

Sasa ni majira ya kuchipua tena. Nimerudi chekechea, watoto wananigonga upande wa kulia, wamefundishwa. Kliniki imenieleza kwamba Salma akikua watamfuatilia kwa karibu, kwa sababu ugonjwa huu umepita kwa mama yake na kwa mama wa baba yake. Walizungumza kwa upole, wakanipa namba ya muuguzi wa kumuuliza lolote. Nilipokuwa natoka nikamkumbuka Rima. Ana umri niliokuwa nao mimi nilipougua, na yeye ni mtoto wa yule mama kabisa.

Ijumaa nilimpigia mimi mwenyewe, Nabil hayupo. Nilimweleza yote ninayowaeleza wanawake wa Jakobsberg: usingoje, nenda ukapigwe picha, mwambie mtu, nenda na mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ni mtu wa heshima.

"Mashine ya hiyo picha iko mjini," akasema. "Barabara ya mjini imefungwa tangu wiki iliyopita."

"Ikifunguliwa, utakwenda?"

"Inshallah."

"Na wewe mwenyewe hujipapasi? Bafuni, kama nilivyokuonyesha?"

"Hapana."

"Kwa nini, Rima? Ni dakika moja."

Nyuma yake nilisikia watoto, na mtu akigonga ukuta kwa nyundo. Alingoja nyundo inyamaze.

"Nikikuta kitu," akaniuliza, "nitakipeleka wapi?"

Nikamwambia nitampigia tena Ijumaa.